Kuita kwa masafa mawili (redio ya ridhaa)

Kuita kwa masafa mawili ni mtindo wa mawasiliano ya redio ambamo kituo hurusha kwenye masafa fulani na kupokea kwenye masafa mengine. Waendeshaji wa redio ya ridhaa huuita spliti. Mtindo huu ni wa zamani katika mawasiliano ya sauti na ya Morse, lakini umepata umuhimu mpya tangu kuenea kwa programu za kompyuta zinazotuma ujumbe kwa njia ya kidijiti, hasa WSJT-X na programu nyingine zinazofanana nayo.

Katika programu hizo neno spliti lina maana zaidi ya moja. Linaweza kumaanisha chaguo la mwendeshaji la kujibu mahali tofauti na pale alipo anayemwita. Linaweza kumaanisha mpangilio unaosogeza masafa ya redio wakati wa kurusha ili ishara iwe safi. Tena linaweza kumaanisha utaratibu maalumu wa vituo adimu, au mwito unaotaja masafa mengine ya kusikilizia. Anayechanganya maana hizi huweza kurusha ishara chafu, kuwafunika wenzake, au kuita kwa muda mrefu bila kujibiwa ingawa redio yake ni nzima.

## Asili

Kituo kilicho mahali penye waendeshaji wachache kinaposikika, mamia ya wengine hukiita kwa wakati mmoja. Wote wakiita kwenye masafa yale yale, hakuna anayeweza kusikia kituo chenyewe kinajibu nani. Suluhisho la zamani ni kituo hicho kurusha mahali pamoja na kusikiliza mahali pengine. Katika Morse hutuma herufi UP kumaanisha kwamba kinasikiliza juu zaidi, mara nyingi kilohezi 1 au 2 juu. Katika sauti nafasi huwa kubwa zaidi, kwa kawaida kilohezi 5 au zaidi.

Redio nyingi za kisasa zina hifadhi mbili za masafa, ziitwazo VFO A na VFO B. Spliti inapowashwa, redio hupokea kwa VFO A na kurusha kwa VFO B.

## FT8 na masafa ndani ya masafa

FT8 ilitolewa mwaka 2017. Iliundwa na Steve Franke, mwenye alama ya mwito K9AN, pamoja na Joe Taylor, K1JT, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse. Herufi F na T ni za majina yao, na tarakimu 8 ni idadi ya toni zinazotumiwa.

Kila ujumbe wa FT8 hurushwa kwa sekunde 12.64 ndani ya kipindi cha sekunde 15. Toni zake 8 zimepishana kwa hezi 6.25, hivyo ishara nzima huchukua upana wa hezi 50 tu. Programu huweza kusimbua ishara dhaifu sana, hadi takriban desibeli 21 chini ya kelele inayopimwa katika upana wa hezi 2500.

Kwa kuwa ishara moja ni nyembamba hivyo, vituo vingi hutumia masafa yale yale ya kioo, yaani masafa yanayoonyeshwa kwenye kioo cha redio. Kwenye bendi ya mita 20 masafa hayo ni megahezi 14.074; kwenye mita 40 ni 7.074, kwenye mita 15 ni 21.074, na kwenye mita 10 ni 28.074. Redio huwekwa katika hali ya ukanda wa juu, na kila kituo huchagua toni yake ya sauti kati ya hezi 200 na takriban 3000. Masafa halisi yanayorushwa hewani ni jumla ya masafa ya kioo na toni hiyo. Kwa mfano, kioo kikionyesha 14.074 na toni ikiwa hezi 1800, ishara imo kwenye megahezi 14.0758.

Programu husimbua ishara zote zilizomo katika upana huo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kituo kinachoita hakihitaji kujibiwa kwenye toni yake. Kinamsikia anayejibu popote alipo. Hiki ndicho chanzo cha desturi ya kujibu kwa spliti katika FT8.

## Kuchagua toni ya kurushia

Dirisha la maporomoko katika WSJT-X huonyesha kwa rangi sauti zote zinazopokelewa. Juu yake kuna alama mbili: ya kijani huonyesha mahali pa kupokea, na nyekundu huonyesha mahali pa kurusha. Kubofya peke yake husogeza alama ya kijani. Kubofya huku kitufe cha Shift kimeshikiliwa husogeza nyekundu, na kubofya pamoja na Ctrl husogeza zote mbili.

Kisanduku kiitwacho "Hold Tx Freq" kikiwekewa alama, toni ya kurushia haihami hata mwendeshaji akibofya mara mbili jina la kituo anachotaka kukijibu. Bila alama hiyo, programu huweza kuhamishia urushaji kwenye toni ya yule anayeitwa. Watu kumi wakijibu kwa namna hiyo, ishara zao hulaliana ndani ya hezi 50, na mara nyingi yenye nguvu pekee ndiyo husimbuliwa. Kwa kituo chenye nguvu ndogo au antena ya chini, kisanduku hiki ndicho hutofautisha kujibiwa na kutojibiwa.

Toni nzuri ni ile iliyo tupu. Lakini mwendeshaji hawezi kuona wanaorusha katika vipindi vyake mwenyewe, kwa sababu wakati huo redio yake haipokei. Vituo hugawana vipindi: wengine huanza sekunde ya 00 na ya 30, wengine ya 15 na ya 45. Anayerusha katika vipindi vya kwanza anapaswa kunyamaza kipindi kimoja mara kwa mara, atazame maporomoko, kisha achague nafasi isiyo na mtu katika vipindi hivyo hivyo. Nafasi iliyo tupu kwake huenda isiwe tupu kwa anayemwita aliye mbali. Ndiyo maana kuhama toni baada ya kuita mara kadhaa bila jibu kuna faida kuliko kuongeza nguvu.

## Spliti ya kusafisha ishara

Maana ya pili ya spliti haionekani kwenye maporomoko. Imo katika mipangilio ya WSJT-X, kwenye kichupo cha "Radio", sehemu ya "Split Operation". Kuna chaguo tatu: "None", "Rig" na "Fake It".

Sababu yake ni hii. Sauti inayotoka kwenye kompyuta huingia kwenye redio kama sauti ya kipaza sauti. Ikizidi nguvu kidogo, huzaa sauti nyingine za maradufu, yaani mara mbili na mara tatu ya ile ya kwanza. Toni ya hezi 600 ikichafuka huzaa za hezi 1200 na 1800. Zote mbili hupita kwenye chujio la kurushia la redio, ambalo kwa kawaida huruhusu hadi karibu hezi 2700 au 3000. Kituo kimoja basi huonekana kama vitatu, na hufunika mawasiliano ya watu wawili wasio na habari naye.

Toni ya hezi 1600 ikichafuka, maradufu yake ya kwanza ni hezi 3200. Hiyo iko nje ya chujio na hukatwa. Kwa hiyo programu hubakiza sauti ya kurusha kati ya hezi 1500 na 2000 daima, na kusogeza masafa ya kioo kwa hatua za hezi 500 ili ishara hewani ibaki pale pale ilipochaguliwa.

Mifano ifuatayo ni ya bendi ya mita 20, redio ikipokea kwenye megahezi 14.074:

- Toni iliyochaguliwa ni hezi 600: kioo hushuka hadi 14.0730 wakati wa kurusha, sauti huwa hezi 1600, na ishara hewani ni 14.0746.
- Toni ni hezi 1250: kioo hushuka hadi 14.0735, sauti huwa hezi 1750, na ishara ni 14.07525.
- Toni ni hezi 1800: hakuna kinachosogea, na ishara ni 14.0758.
- Toni ni hezi 2600: kioo hupanda hadi 14.0750, sauti huwa hezi 1600, na ishara ni 14.0766.

Katika kila mfano jumla ni ile ile ambayo ingepatikana bila kusogeza kitu. Anayeona namba za redio zikiruka kila anaporusha hana haja ya kudhani kuwa redio imeharibika.

### Tofauti ya chaguo tatu

Rig hutumia spliti ya redio yenyewe. Programu huweka masafa ya kupokea katika VFO A na ya kurusha katika VFO B. Hufaa redio zinazoweza kuamriwa hivyo na kompyuta bila matatizo.

Fake It haitumii VFO B. Programu hubadilisha masafa ya redio muda mfupi kabla ya kurusha, kisha huyarudisha ikimaliza. Hufaa redio ambazo spliti yake haiamriki vizuri kutoka kwenye kompyuta. Mawasiliano ya kebo yakikatika katikati ya kurusha, redio inaweza kubaki kwenye masafa yaliyosogezwa.

None haisogezi kitu. Ndiyo chaguo la redio isiyounganishwa na kompyuta kwa amri, bali kwa sauti tu. Mwenye redio ya namna hiyo huweza kupata faida ile ile kwa kuchagua mwenyewe toni iliyo kati ya hezi 1500 na 2000.

Kusogeza masafa hakuponyi sauti iliyozidishwa kupita kiasi. Kiwango cha sauti bado kinapaswa kupunguzwa hadi kipimo cha ALC cha redio kisionyeshe kitu au kionyeshe kidogo sana.

## Hatua za kuweka

1. Redio huunganishwa na kompyuta kwa kebo inayobeba sauti pamoja na amri za udhibiti. Redio nyingi mpya hufanya yote kwa kebo moja ya USB. Ieleweke kuwa herufi hizo hizo, USB, kwenye kioo cha redio humaanisha ukanda wa juu, wala si kebo.
2. Saa ya kompyuta hulinganishwa na saa ya dunia kwa intaneti, au kwa kipokezi cha GPS mahali pasipo na intaneti. Ikikosea kwa zaidi ya sekunde moja hivi, usimbuaji hudhoofika au hushindikana.
3. Katika kichupo cha "Radio" huchaguliwa aina ya redio, mlango wa kebo na kasi ya mawasiliano. Kasi hiyo lazima ifanane na ile iliyowekwa kwenye menyu ya redio.
4. Hubofywa "Test CAT". Kitufe kikigeuka kijani, kompyuta na redio zinaelewana. Kisha hubofywa "Test PTT", nacho hugeuka chekundu redio ikirusha.
5. Hali ya redio huwekwa "Data/Pkt" ikiwa redio ina hali ya data, au "USB" ikiwa haina.
6. Katika "Split Operation" huchaguliwa "Rig". Ikiwa redio inakwama au inarusha mahali pasipotarajiwa, huchaguliwa "Fake It".
7. Antena au kizuizi cha majaribio kikiwa kimeunganishwa, toni huwekwa hezi 600 na kitufe cha "Tune" hubofywa. Kioo kinapaswa kushuka kwa kilohezi 1. Kisichoposogea, spliti haifanyi kazi.
8. Kitufe cha "Tune" kikiwa bado kimewashwa, sauti hupunguzwa kwa kidhibiti cha "Pwr" hadi ALC itulie.
9. Mwisho huwekwa alama kwenye "Hold Tx Freq".

## Mbweha na mbwa wa kuwinda

Vituo adimu vina utaratibu wao katika WSJT-X, uliotolewa katika toleo la 1.9 mwaka 2018. Kituo kinachotafutwa huitwa "Fox", yaani mbweha, na wanaokiita huitwa "Hound", yaani mbwa wa kuwinda. Msafara wa kisiwa cha Baker katika Bahari ya Pasifiki, uliotumia alama KH1/KH7Z mwaka 2018, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia kwa kiwango kikubwa.

Mbweha hurusha kati ya hezi 300 na 900, na anaweza kujibu hadi vituo 5 kwa wakati mmoja, ishara zake zikipishana kwa hezi 60. Wanaomwita hutakiwa kuwa juu ya hezi 1000, hadi 4000. Anayeita chini ya hezi 1000 hajibiwi. Mbweha akimjibu mtu, programu ya huyo aliyejibiwa huhamisha urushaji wake yenyewe hadi toni ya mbweha ili kumaliza mawasiliano pale. Yeye hana haja ya kugusa kitu, na akigusa anaweza kuharibu.

Kwa sababu ya kuhamahama huku, utaratibu huu hudai redio inayodhibitiwa na kompyuta na spliti iliyowekwa "Rig" au "Fake It". Spliti hiyo pia humwezesha mtu kuita kwenye hezi 3500 ingawa chujio lake la kurushia huishia 3000: programu hupandisha kioo kwa kilohezi 2 na kutuma sauti ya hezi 1500.

Utaratibu huu hautakiwi kutumiwa kwenye masafa ya kawaida ya FT8 kama 14.074, kwa kuwa ungewavuruga wengine. Msafara hutangaza masafa yake wenyewe. Mwaka 2024 toleo la 2.7 lilileta "SuperFox", ambapo mbweha hutuma ishara moja pana badala ya kadhaa, na kuweza kuhudumia hadi vituo 9 kwa mkupuo bila kugawa nguvu zake.

## Mwito unaotaja masafa mengine

Katika mtindo wa MSK144, unaotumia njia za moto za vimondo kuakisi mawimbi, kila ishara huchukua karibu hezi 2400. Hujaza upana wote wa kipokezi, hivyo kubadilisha toni hakusaidii. Lazima masafa ya kioo yenyewe yahame.

Ili masafa ya kuitia yasisongamane, mwito unaweza kutaja mahali pa kujibia kwa tarakimu tatu za kilohezi. Ujumbe wa mfano "CQ 290 K1ABC FN42", ukirushwa kwenye megahezi 50.260, husema kwamba K1ABC anasikiliza kwenye 50.290 na atajibu huko. Tarakimu za megahezi hubaki zile zile. FN42 ni mraba wa ramani unaoonyesha mahali alipo. Kwa anayeita, programu huwa na kisanduku cha kuandika tarakimu hizo. Kwa anayejibu, jambo la msingi ni kusoma mwito wote: akijibu kwenye 50.260 atakuwa anamwita mtu ambaye hayupo hapo tena.

## Makosa ya kawaida

- Kuwasha spliti kwenye redio kwa mkono huku programu imewekwa "None". Redio hurusha kwenye masafa yaliyosahaulika katika VFO B, pengine kwenye bendi nyingine ambayo antena haiifai.
- Kutumia "Rig" wakati VFO B iko katika hali tofauti, kwa mfano ukanda wa chini. Toni hugeuka na hakuna anayesimbua.
- Kuita katika vipindi vile vile anavyorusha anayeitwa. Naye hawezi kusikia akiwa anarusha.
- Kuwasha utaratibu wa mbwa wa kuwinda kwa kituo kinachotumia FT8 ya kawaida, au kinyume chake.
- Kusahau kwamba mipaka ya leseni hupimwa kwa ishara iliyo hewani, wala si kwa namba ya kioo. Karibu na mwisho wa bendi, toni ya juu inaweza kuvuka mpaka ingawa kioo bado kinaonyesha masafa halali.

## Afrika ya Mashariki

Alama za mwito za Tanzania huanza kwa 5H au 5I, za Kenya kwa 5Y au 5Z, za Uganda kwa 5X, za Rwanda kwa 9X, za Burundi kwa 9U, na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa 9Q hadi 9T. Katika Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na katika Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo.

Mwendeshaji wa eneo hili mara nyingi huwa upande wa anayetafutwa. Mwito mmoja kutoka mraba wa KI93, ulipo mji wa Dar es Salaam, au KI88, ulipo Nairobi, unaweza kuleta msongamano wa majibu kutoka Ulaya na Japani kwa kipindi kimoja. Akiwa ameweka "Hold Tx Freq", toni yake haivutwi huku na huko na kila anayemjibu, na wanaomtafuta huendelea kumwona mahali pamoja. Akiona baadhi yao wamelundikana juu ya toni yake, anaweza kuwajibu kwanza walio kando, kwa kuwa hao ndio wanaosimbulika kwa urahisi. Wengine hujifunza upesi kusogea.